Ramani ya Mwinuko Si Kipimo cha Upepo

Huenda muuzaji wa mitambo midogo ya umeme wa upepo akamwonyesha mkazi wa Kimali, mkoani Simiyu, ramani yenye rangi nyekundu juu ya kilima cha jirani na kumweleza kuwa upepo wa hapo umekwisha kuthibitishwa. Kabla ya kutoa fedha, mtumiaji anashauriwa kufahamu ramani ya namna hiyo hutengenezwaje.

Ramani nyingi za upepo hazitokani na vipimo vya mahali husika. Wataalamu huchukua taarifa za hali ya hewa za eneo pana, kisha hukokotoa kwa kompyuta jinsi upepo unavyopita juu ya mabonde na miinuko. Sura hiyo ya ardhi husomwa katika data za mwinuko, ambazo hutokana na ramani za Serikali za mizani ya 1:50,000, au na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, vinavyotoa kimo kwa takriban kila mita 30. Atlasi ya Upepo ya Dunia, inayopatikana bure katika intaneti, hutoa makadirio kwa kila mita 250. Ndani ya mraba huo huweza kuwamo nyumba, zizi, miembe na nusu ya kilima cha mawe, na vyote hupewa tarakimu moja.

Data hizo zina manufaa yake. Huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta, kwa kuwa mgongo wa ardhi ulioinuka taratibu huongeza kasi ya upepo unaoukata. Kilima cha majabali chenye kuta za wima, mfano wa vile vilivyotapakaa Usukumani, hutenda kinyume: huuvuruga upepo, na mtambo uliosimikwa nyuma yake huzalisha kidogo na kuchakaa mapema.

Kosa dogo katika makadirio lina gharama kubwa, kwani nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi yake. Mtambo unaouzwa kuwa wa wati 1,000 kwa kawaida hutoa kiwango hicho upepo ukifikia takriban mita 12 kwa sekunde. Kasi ikiwa mita 4, nguvu hubaki sehemu moja ya 27, yaani wati zisizofika 40: taa chache na simu, wala si jokofu wala pampu. (Hapo paneli ya jua ndiyo inayopaswa kulinganishwa nayo bei.)

Huko Kititimo, Singida, na Makambako, Njombe, minara ya kupimia upepo ilitangulia mipango ya mitambo mikubwa. Mnunuzi mdogo naye ana haki ya kudai kumbukumbu za kasi ya upepo za mahali pake au pa karibu, zilizopimwa kwa angalau miezi 12 na zikitaja urefu wa mnara. Aulize pia mtambo utazalisha kiasi gani kwa mwezi kwa kasi hiyo, na jibu liandikwe ndani ya mkataba. Mapanga yawe juu kwa mita 10 zaidi ya mti au paa lolote lililo ndani ya mita 150.

Kazi ya kufunga nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mtumiaji aione leseni hiyo kabla kazi haijaanza, na atunze stakabadhi ya malipo pamoja na mkataba.