Niandikie Ile Dawa ya Hamu

"Dokta, mtoto hali kabisa. Niandikie ile dawa ya hamu." Sentensi hii huingia chumbani kwangu kabla mama hajakaa. Mtoto mwenyewe ana mwaka mmoja na miezi minane, yuko chini ya meza anavuta waya wa feni, mkono mmoja biskuti, mwingine pakiti ya juisi. Hali, naambiwa.

Anakula. Anachokataa ni ugali na mchicha.

"Ile dawa" mara nyingi ni sirapu yenye siproheptadini, yaani dawa ya mzio. Kuamsha njaa ni athari yake ya pembeni, kama kulivyo kusinzia. Mnafurahia ya kwanza, na ya pili mnaipa jina zuri: "siku hizi katulia." Katulia kwa sababu ana usingizi! Mtengenezaji akishaongeza vitamini na kuchora matunda kwenye boksi, basi duka la dawa huiuza kama kirutubisho, hata kwa mtoto asiyefika miaka miwili, ambaye hapaswi kupewa. Sikatai kwamba mtoto atakula zaidi. Mkiacha, hamu hurudi palepale, na ndipo inaponunuliwa chupa ya pili, kisha ya tatu. Mchicha je? Bado anautema, kwa kuwa hakuna sirapu inayouzoeza ulimi mboga. Wako wagonjwa wachache tunaowapa dawa hii kwa makusudi na kuwafuatilia. Huyu wa chini ya meza si mmoja wao.

Swali lilipaswa kuwa hili: kadi ya kliniki inasemaje? Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikia kama kilo 9 akitimiza mwaka. Mwaka wa pili huongeza kama kilo 2 na nusu tu. Ukuaji umepunguza mwendo, njaa nayo imepungua. Bibi anayekumbuka bakuli la uji lililokuwa likimalizwa miezi kumi iliyopita anasema mtoto katupiwa jicho. Tena huu ndio umri wa kushuku kila chakula kigeni. Huenda kikahitaji kuwekwa mbele yake mara 8, 10, hata 15 kabla hajakikubali. Wengi wenu mnasalimu amri siku ya tatu, mnakaanga chipsi.

Haya, upesi, foleni ni ndefu. Juisi na biskuti zikome. Maziwa asipewe karibu na mlo. Chai ya rangi asinywe, inazuia madini ya chuma, na upungufu wa damu nao hukata hamu. Mpakulie vijiko viwili, si mlima, kitu kipya kando ya anachokipenda. Mle pamoja, simu na televisheni zimezimwa. Zikipita dakika 20, ondoa sahani bila ugomvi. Msimbane pua ameze, msimkimbize na kijiko uani, msimhonge pipi. Vitamini A na dawa ya minyoo Juni na Desemba msikose.

Mleteni ikiwa mstari wa kadi umelala au unashuka, anapaliwa akila, anatapika au kuharisha mara kwa mara, viganja vimepauka, anakula udongo, au vyakula anavyokubali vinazidi kupungua. Hapo nitapima, na nikikuta ugonjwa nitaandika dawa ya ugonjwa huo. Ila njooni na kadi, si na chupa tupu ya jirani ili ninakili jina.