Muda wa Mchezaji na Muda wa Tajiri: Utangulizi wa Majadiliano ya Kazi katika Futiboli ya Kimarekani

Tarehe 12 Machi 2011 wamiliki wa timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, waliwafungia nje wachezaji wao. Mchezaji hakuruhusiwa kukanyaga jengo la timu, kufanya mazoezi chini ya kocha wake, wala kuonana na daktari wa klabu aliyekuwa akimtibu goti. Hakuna mchezaji aliyekuwa amegoma. Waliosimamisha kazi ni matajiri wenyewe, na mgogoro haukwisha hadi tarehe 25 Julai.

Naanza na tukio hili kwa sababu linapindua picha ambayo wengi tunayo vichwani. Afrika Mashariki tunaujua mgomo: makuli wa bandari ya Mombasa mwaka 1947, walimu na madaktari wa Kenya katika miaka yetu hii. Tunajua chama cha wafanyakazi ni nini na mkataba wa hali bora hutafutwa vipi. Lakini katika taaluma ninayomkaribisha msomaji, mwajiri naye hugoma, na mara nyingine hugoma vizuri kuliko mfanyakazi. Kuelewa kwa nini humfaa kufanya hivyo, na wakati gani, ni nusu ya somo.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo wenyewe: mpira una umbo la yai na huchezwa zaidi kwa mikono. Kila upande una watu kumi na mmoja waliovaa helmeti na kinga za mabega, na wanaume wenye uzito wa kilo mia na zaidi hugongana kwa makusudi, tena na tena, kwa muda wa saa tatu. Kanuni nyingine zinaweza kusubiri. Kugongana huko ndiko kunakoifanya ajira ya mchezaji iwe fupi, na ufupi huo ndio ninaouona kuwa kiini cha mambo yote yatakayofuata.

Wengi huukaribia mgogoro huu wakidhani ni mamilionea wanaovutana na mabilionea juu ya fedha, wakaona hauwahusu. Mimi nauona kuwa mvutano juu ya muda. Chama cha wachezaji, NFLPA, husema kwa wastani mchezaji hudumu katika ligi miaka mitatu na kidogo. Ligi hujibu kwamba ni karibu miaka sita, ikiwahesabu wale tu waliopata nafasi kikosini tangu mwanzo wa msimu wao wa kwanza. Kila upande umepiga hesabu yake sawasawa, ila hawakuwahesabu watu walewale. Sasa tazama upande wa pili wa meza. Familia ya Mara imekuwa na New York Giants tangu 1925, na familia ya Rooney imekuwa na Pittsburgh Steelers tangu 1933. Msimu mmoja ukipotea, tajiri amepoteza mwaka mmoja katika karibu karne nzima, huku mchezaji akiwa amepoteza theluthi ya maisha yake ya kazi. Kila anayekaa kwenye meza ile anaijua hesabu hiyo.

Chama kilianzishwa mwaka 1956, na madai yake ya kwanza bado yananigusa kila niyasomapo: mshahara wa chini wa dola 5,000 kwa mwaka, posho ya safari, vifaa vya kazi vinunuliwe na klabu, na anayeumia aendelee kulipwa. Wamiliki hawakuyatilia maanani. Kilichowafanya wasikilize kilitoka mahakamani. Bill Radovich, mchezaji wa Detroit Lions, alikuwa ameomba ahamie karibu na baba yake mgonjwa huko Los Angeles, akakataliwa. Akaondoka na kujiunga na ligi pinzani, na baadaye alipopata nafasi ya kazi katika timu nyingine, NFL ikamzibia njia. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba futiboli ni biashara kama biashara nyingine, na sheria za ushindani zinaihusu.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa kuwa asiyeelewa hatua hii hataelewa lolote linalofuata. Timu 32 ni kampuni 32 zinazoshindana. Zikikubaliana kwamba hakuna atakayemwajiri mchezaji wa mwenzake, ni kama mama ntilie wote wa soko moja kuafikiana kwamba mpishi akiondoka kwa mmoja wao, asipate kazi kwa mwingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 inakataza njama ya namna hiyo. Ila kuna mlango mmoja ulioachwa wazi: chama cha wafanyakazi kikiyakubali masharti hayo katika majadiliano ya pamoja, mahakama huyaacha yasimame. Kwa hiyo sahihi ya chama ni bidhaa ya thamani kubwa kuliko mgomo wowote, maana ndiyo inayokihalalisha kile ambacho bila yake kingekuwa haramu. Wachezaji walichukua zaidi ya miaka thelathini kuligundua hilo kikamilifu.

Kwanza walijaribu migomo. Ya mwaka 1974, iliyobeba kaulimbiu ya kwamba bila uhuru hakuna futiboli, ilikufa kabla msimu haujaanza. Ya mwaka 1982 ilidumu siku 57 na kuupunguza msimu kutoka mechi 16 hadi 9, wachezaji wakidai asilimia 55 ya mapato yote, na hawakuipata. Kisha ikaja ya 1987, ambayo ningemshauri kila mwanafunzi wa uhusiano wa kazi aisome hata kama hapendi michezo.

Mwaka ule wachezaji walidai uhuru wa kuhama mkataba unapokwisha. Wamiliki walikuwa wamejiandaa. Wiki moja ya mechi ilifutwa, na wiki iliyofuata viwanja vikajaa wavunja mgomo: vijana walioachwa na timu, wengine wakiwa na kazi za kawaida mitaani, wakavishwa jezi zilezile. Televisheni ziliendelea kurusha matangazo. Baada ya hapo wakongwe wakaanza kurudi mmojammoja, na miongoni mwao yalikuwamo majina makubwa kama Joe Montana na Lawrence Taylor. Katika siku ya 24 mgomo ukaisha bila mkataba. Timu moja, ya Washington, haikutoa hata msaliti mmoja, na msimu ule ndiyo iliyotwaa ubingwa. Wale wa kuziba pengo waliocheza na kushinda mechi tatu kwa jezi yake walingoja hadi 2018 kupewa pete zao. Mimi nawaonea huruma pia. Hawakuwa adui wa mtu, walikuwa vijana ambao mlango wa ajira ulikuwa umefungwa kwao, ukafunguliwa kwa wiki tatu tu.

Gene Upshaw, aliyekuwa mchezaji wa timu ya Raiders na wakati huo kiongozi wa chama, aliondoka kwenye kushindwa huku na jambo ambalo hadi leo linawashangaza wanafunzi wangu. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ilisema kwamba maadamu chama kipo na uhusiano wa majadiliano haujakoma, kinga ya wamiliki inaendelea hata mkataba ukiwa umekwisha. Chama kikachukua maneno hayo kama yalivyo, kikajivunja. Bila chama hakuna majadiliano, na bila majadiliano hakuna kinga. Sasa kila mchezaji angeweza kuishtaki ligi kama raia anayeonewa na njama ya wafanyabiashara. Freeman McNeil na wenzake walifanya hivyo, na Septemba 1992 baraza la mahakama mjini Minneapolis likaamua kwamba masharti ya uhamisho yalivunja sheria. Wamiliki wakaona hatari iliyo mbele yao. Mwaka 1993 wakakubali wachezaji wawe huru kuhama baada ya miaka kadhaa ya kazi, chama kikafufuliwa ili kitie sahihi, na Reggie White, ambaye jina lake lilibeba kesi ya pamoja, akaenda Green Bay kwa dola milioni 17 za miaka minne.

Bei ya uhuru huo ilikuwa ukomo wa mishahara. Mwaka 1994 kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 34.6 tu kwa wachezaji wake wote. Mwaka 2024 kiwango kilikuwa milioni 255.4. Usidhani ongezeko hilo ni ushindi wa moja kwa moja wa mfanyakazi. Ukomo unakokotolewa kutoka kwenye mapato, na ndiyo sababu vita vya kisasa vinapiganwa ndani ya ibara za tafsiri: fedha zipi zihesabiwe kuwa mapato, zipi ziondolewe kwanza kabla ya kugawana, nani abebe gharama ya kujenga uwanja.

Kwa mfuatiliaji wa ligi ya Uingereza, ulinganifu mfupi utasaidia. Huko mchezaji hakuweza kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki hadi Januari 1961, chama kilichoongozwa na Jimmy Hill kilipotishia mgomo. Kesi ya George Eastham ikafuata mwaka 1963, na ile ya Jean-Marc Bosman tarehe 15 Desemba 1995, zote mbili juu ya uhuru wa mchezaji kuhama. Ila Ulaya klabu inayobana mishahara inaweza kushuka daraja, kwa hiyo wamiliki hawawezi kushikamana kwa muda mrefu. Marekani hakuna kushuka, na fedha za televisheni ya taifa zimegawanywa sawasawa baina ya timu tangu miaka ya 1960. Mshikamano ambao vyama vya wafanyakazi vinauota, matajiri wa NFL wamejengewa na muundo wa ligi yao.

Turudi kwenye mwaka 2011, maana sasa unaweza kusomeka. Wamiliki walitaka waondoe dola bilioni moja zaidi kwenye mapato kabla ya mgawanyo. Walikuwa pia wamepanga na vituo vya televisheni walipwe zaidi ya dola bilioni 4 hata kama hakuna mechi itakayochezwa. Yaani walikuwa wamenunua muda. Jaji David Doty aliliona hilo na Machi 1 akaamua kwamba mpango ule ulivunja wajibu wao kwa wachezaji. Siku kumi baadaye chama kikajivunja tena, na Tom Brady, Peyton Manning na Drew Brees wakawa miongoni mwa walioishtaki ligi. Mwezi Aprili Jaji Susan Nelson aliamuru milango ifunguliwe, lakini mahakama ya rufani ikaizuia amri hiyo ndani ya siku chache, na Julai 8 ikaitengua kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Sheria waliyoitegemea ni ya mwaka 1932, iliyotungwa kuwalinda wafanyakazi dhidi ya majaji waliokuwa na desturi ya kupiga marufuku migomo. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na bado naona jaji wa tatu, aliyepinga, ndiye aliyekuwa na hoja nzito.

Mkataba wa miaka kumi ukapatikana wiki mbili baadaye, mechi moja tu ya maandalizi ikiwa imefutwa. Wachezaji walipata asilimia 55 ya fedha za televisheni ya taifa, mazoezi ya kuvaa kinga kamili yakapunguzwa, na mfuko wa dola milioni 620 ukatengwa kwa wastaafu wa kabla ya 1993. Walioumia zaidi ni watu ambao hawakuwa mezani. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyeteuliwa wa kwanza kati ya wachezaji wapya, alipewa dola milioni 50 za uhakika. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye wa kwanza, alipata jumla ya takriban milioni 22. Wakongwe walikuwa wamelipia sehemu ya mapatano kwa mishahara ya vijana ambao bado walikuwa vyuoni.

Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akacheza Indianapolis Colts mwaka 2013, aliingia katika dunia hiyo iliyokwishaamuliwa: kima cha chini cha mchezaji mpya kikosini mwaka ule kilikuwa dola 405,000, na saa za mazoezi na sifa za kupata pensheni zilikuwa zimeandikwa kabla hajaushika mpira wa yai.

Wastaafu nao hawana kura. John Mackey, rais wa kwanza wa chama baada ya kuungana na kile cha ligi nyingine mwaka 1970, aliipeleka ligi mahakamani na mwaka 1976 akashinda, sharti la kuifidia klabu iliyoachwa likaanguka. Uzeeni alishikwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mpango wa kuwasaidia wachezaji wa namna yake ulioanzishwa mwaka 2007 ulipewa namba ya jezi yake, 88. Alifariki tarehe 6 Julai 2011, wachezaji wakiwa bado wamefungiwa nje. Swali la nani chama kinamwakilisha, aliyepo, aliyepita au ajaye, ndilo ninalotamani watafiti wapya walichukue, maana halijafanyiwa kazi ya kutosha.

Kwa anayetaka kuanza, kura ya Machi 2020 ni mahali pazuri. Wamiliki walitaka mechi ya 17. Walitoa asilimia 48 ya mapato na kupandisha kima cha chini cha mchezaji mpya kutoka dola 510,000 hadi 610,000. Mastaa kama Aaron Rodgers na Richard Sherman walipinga hadharani, wakihofia miili. Kwa mchezaji wa nafasi ya 50 kikosini, anayejua huenda asiwepo mwakani, dola laki moja za nyongeza zilikuwa jambo la leo. Mkataba ulipita kwa kura 1,019 dhidi ya 959, na utadumu hadi msimu wa 2030. Kamishna Roger Goodell tayari amezungumzia mechi ya 18.

Chukua mkataba huo, uruke kurasa za mwanzo, ufungue ibara inayotafsiri mapato. Uwe na kalamu na subira.