Chaza, Pweza na Samaki wa Mabwawa Yetu: Jinsi Maji Yanavyopumzishwa

Mwaka 2024, habari zilizovuma kati ya Embu na kaunti za Pwani zilikuwa za muguka. Makala haya yanahusu kitu kingine kinachotuunganisha na Pwani, nacho ni cha zamani kuliko muguka: mto Tana. Maji ya Rupingazi, Thiba, Ena na Thuci, pamoja na yale ya Kathita na Thingithu yanayotoka upande wa Meru, yote huishia katika Tana. Mto huo husafiri takriban kilomita 1,000 kabla ya kumwagika baharini Kipini.

Njiani maji hayo hupita katika mabwawa matano yanayopakana na kaunti yetu: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Yalijengwa kwa ajili ya umeme, lakini familia nyingi za Mbeere zinayajua kwa sababu ya samaki. Anayenunua samaki huko amewahi kusikia lalamiko hili: samaki wamekuwa wadogo, na mvuvi anakaa majini muda mrefu zaidi kwa kilo zile zile. Jibu linalotolewa haraka ni kumwaga vifaranga vipya bwawani. Hilo linasaidia, ila kifaranga kinachonaswa na wavu wa matundu madogo kabla hakijazaa hata mara moja hakimfaidi mtu.

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wamepitia shida hii kabla yetu, kwa viumbe tofauti kabisa, na njia waliyoitumia inaeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuiona bahari. Walitenga sehemu ya maji, wakakubaliana isiguswe, wakailinda wenyewe.

Tuanze na chaza na kombe. Huko Fumba na Bweleo, kusini-magharibi mwa Unguja, kina mama hukusanya viumbe hawa maji yanapokupwa. Ni kitoweo na ni pesa ya matumizi. Walipoanza kurudi na vidogo vidogo tu, vijiji vilitenga sehemu ambazo hakuna kukusanya. Wengine walijifunza kufuga chaza na kutengeneza mapambo ya lulu nusu na ya kombe, wakapata kipato kutoka kwa chaza wachache badala ya ndoo nzima.

Kwa nini sehemu hizo ni lazima zifungwe kabisa, badala ya kila mtu kuombwa tu apunguze kidogo? Sababu ni jinsi chaza anavyozaa. Chaza hatembei kumtafuta mwenzake. Dume hutoa mbegu majini, jike hutoa mayai majini, na mimba hutungwa humo humo mbegu na mayai vinapokutana. Chaza wakiwa wamesongamana, vitu hivyo hukutana. Wakibaki mmoja hapa na mwingine mita nyingi kutoka hapo, mbegu hupotea bure, hata kama ukihesabu bado kuna chaza mia moja katika ghuba nzima. Ndiyo maana eneo lililochumwa sana linaweza kukaa miaka bila kurudi lilivyokuwa ingawa halijaisha kabisa. Lazima pawe na mahali wanapoachwa wajazane.

Pweza ni habari nyingine. Hana kombe la nje, lakini ni jamaa wa chaza, na maisha yake ni mafupi ajabu: mwaka mmoja hivi, au mwaka na nusu. Akiwa mdogo hukua kwa kasi sana, na uzito wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki chache. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa. Kiumbe wa namna hii hahitaji kupumzishwa miaka kumi. Miezi miwili au mitatu inatosha kumgeuza pweza mdogo asiye na bei kuwa pweza wa kilo kadhaa.

Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilifunga eneo moja la miamba kwa miezi saba. Lilipofunguliwa, pweza walikuwa wakubwa kuliko kawaida, na habari zikaenea kijiji hadi kijiji. Tangu hapo mtindo huo umefika Kisiwa Panza huko Pemba na kisiwa cha Pate, Lamu, ambako wanawake ni miongoni mwa wavuvi wakuu wa pweza. Pate walisaidiwa na mashirika ya Northern Rangelands Trust na The Nature Conservancy, lakini uamuzi wa wapi pafungwe na lini pafunguliwe unahitaji wanaovua wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua mapango ya pweza yako wapi.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Andavadoaka ilipofungua eneo lake, watu kutoka vijiji jirani nao walifika kwa wingi. Waliosubiri na wasiosubiri wakagawana mavuno yale yale. Kwa maoni yetu, mipango mingi ya aina hii huharibikia hapa. Wachache wanajinyima, wengine wanavuna, na mwaka unaofuata hakuna anayekubali kujinyima tena. Dawa iliyopatikana ni vijiji jirani kufunga kwa pamoja na kukubaliana siku ya kufungua.

Kamba wa Ghuba ya Ungwana, pale Tana unapoingia baharini, wanatugusa kwa karibu zaidi. Kamba hutaga baharini, lakini watoto wao huingia kwenye mikoko na midomo ya mito, wakakua humo miezi kadhaa kabla ya kurudi baharini. Kwa miaka mingi wavuvi wadogo wa Ngomeni, Kipini na Malindi waligombana na meli zinazokokota nyavu kwenye ghuba hiyo. Mwaka 2006 serikali ilisimamisha meli hizo. Mpango wa usimamizi wa mwaka 2010 uliweka masharti: meli zisikaribie ndani ya maili tatu za baharini kutoka ufuoni, na uvuvi wa meli ufungwe kuanzia Novemba hadi Machi.

Hata hivyo, kamba hawezi kulindwa kwa kanuni za uvuvi peke yake, kwani anategemea pia maji baridi ya mto yanayofika kwenye mikoko. Mabwawa yetu yamepunguza mafuriko ya Tana na hushika sehemu kubwa ya udongo unaotoka mashambani mwetu. Tusiseme kwa hiyo kwamba udongo wa Mbeere ndio unaomfukia kamba wa Kipini. Udongo huo hufukia kwanza Masinga na Kamburu. Mito ya Meru kama Kathita huingia Tana chini ya Kiambere, ambako hakuna bwawa kubwa la kuushika, na ya huko hushuka hadi chini. Makinga maji shambani na miti kwenye kingo za mito vinalinda samaki pia.

Sasa turudi kwenye tilapia wa mabwawa yetu. Dume huchimba kiota mchangani, kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyabeba hadi yaanguliwe. Watoto nao hukimbilia mdomoni mwa mama wakiona hatari. Jike akinaswa wakati huo, kizazi kizima kimekwenda naye. Tena huzaa mara kadhaa kwa mwaka, tofauti na pweza anayezaa mara moja.

Kwa hiyo kuiga Pate neno kwa neno hakutatufaa sana. Kufunga bwawa zima miezi mitatu kungeumiza nyumba zinazokula kutokana na samaki wa kila siku, na tilapia angeendelea kuzaa na kunaswa miezi tisa iliyobaki. Kinacholingana na maisha yake ni kile cha chaza: kuchagua kona chache za maji ya kina kifupi, zenye mchanga na majani, na kuziacha bila wavu mwaka mzima, huku sehemu nyingine zikivuliwa kama kawaida. Kwenye vijiji vya pweza vya Madagaska, eneo linalofungwa kwa kawaida ni karibu sehemu moja ya tano ya maji ya kijiji. Kuna jambo moja la kwetu la kuangalia: maji ya Masinga hushuka sana wakati wa kiangazi, na kona iliyochaguliwa Mei inaweza kuwa nchi kavu Oktoba. Alama ziwekwe kwa kufuata maji, si kwa kufuata ufuo.

Wachumaji wa muguka na wa miraa kule Meru hawahitaji maelezo marefu hapa. Mti huchumwa vichipukizi ukaachwa uchipue tena, na anayekata shina leo hana la kuchuma kesho.

Nani ana mamlaka ya kufunga kona hiyo? Uvuvi wa ndani ni jukumu lililogatuliwa kwa kaunti. Kanuni za mwaka 2007 ziliunda BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inavitambua. Wanachama wake si wenye mashua tu. Vibarua wa mashuani na wachuuzi wa samaki wana nafasi pia, na inafaa waitumie, maana mchuuzi asiponunua samaki wa kidole, mvuvi hana sababu ya kumleta. BMU inaweza kutunga sheria ndogo kuhusu sehemu za kuzalia, lakini haziwi na nguvu hadi ziidhinishwe na mamlaka ya uvuvi. Sumu, vilipuzi na nyavu za uzi mmoja wa plastiki havingoji sheria ndogo. Vimekatazwa tayari.

Wanaotaka kuanza waanze na daftari kabla ya kuweka maboya. Kila siku ya soko ufuoni, andikeni idadi ya mashua zilizotoka, kilo zilizoletwa na urefu wa samaki kumi wa kwanza kutoka kila mashua. Fanyeni hivyo angalau miezi sita kabla ya kufunga kona yoyote, kisha endeleeni baada ya kufunga. Bila takwimu hizo, siku mtu atakaposema kona iliyofungwa haijasaidia kitu hakutakuwa na wa kumjibu, na akiwa na haki hamtajua. Daftari hilo likaguliwe kwenye mkutano wa wanachama wote, wala lisikae nyumbani kwa mwenyekiti. Kwa kuwa mabwawa haya tunayagawana na Machakos na Kitui, nakala ipelekwe pia kwa BMU ya ng'ambo, ambayo wavuvi wake watakuwa wa kwanza kuiona kona isiyo na wavu.