Mshale unayumba? Usiulaumu mkono kwanza

Tangu Korea Kusini wabebe dhahabu zote 5 za upinde kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, vijana kadhaa wameniuliza kwa nini mishale ya wale jamaa inaenda imenyooka wakati ya kwao inapiga mkia kama samaki. Wengi wanadhani ni mkono tu. Mkono una kazi yake, ila upinde usioandaliwa unakusingizia kosa ambalo sio lako. Na nafasi ya kukosea ni ndogo: Olimpiki unapiga toka mita 70, na duara la pointi 10 lina upana wa sm 12.2 tu.

Inakuwaje? Ukiachia uzi, unausukuma mshale kwa nyuma wakati ncha nzito kule mbele bado inasitasita. Kwa hiyo uti unapinda, unaupita mshikio wa upinde, kisha unajinyoosha huku ukitetemeka. Kupinda huko ni kawaida. Tatizo ni kupinda kupita kiasi, au kidogo mno. Manyoya ya nyuma ndiyo yanaurudisha mshale kwenye mstari, na ndiyo hayohayo yanayoficha kasoro. Dawa yake ni kupiga mshale usio na manyoya uone unasema nini.

Mimi nafanya hivi kwa upinde wa aina ya Olimpiki:

1. Pima nafasi toka mshikio hadi kwenye uzi. Upinde wa inchi 68 huwa kama sm 21.5 hadi 23. Kuongeza, sokota uzi zaidi. Kupunguza, ufumue kidogo.

2. Weka alama ya kupachikia mshale, juu kidogo ya pale ambapo ungekaa mraba na uzi.

3. Piga mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, shabaha ileile. Anza karibu, mita 10, halafu nenda 18. Hakikisha hakuna mtu nyuma ya shabaha, maana mshale mtupu unaweza kwenda popote.

4. Anza na juu na chini. Mitupu ikipiga juu ya yenye manyoya, pandisha alama. Ikipiga chini, ishushe.

5. Sasa kulia na kushoto. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mitupu ikienda kulia, uti ni laini mno: weka ncha nyepesi au punguza nguvu ya upinde. Ikienda kushoto, uti ni mgumu mno: fanya kinyume chake.

Badili kitu kimoja tu kila mara, kisha piga tena. Na kamwe usiachie uzi bila mshale, upinde unaweza kupasuka.

Msidhani haya ni mambo ya wazungu. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, Tanzania, uti wa mshale wanaupasha moto na kuunyoosha kwa meno. Kwao mshale ukifika umekaa upande hauzami vizuri kwenye mnyama, na hapo hamna nyama.

Mishale yote ikianza kutua sehemu moja halafu bado unakosa, basi hapo ndio uulaumu mkono. Mwenye swali karibu.