Ueneaji wa Mtandao: Kwa Watu au kwa Eneo?

Katika taarifa za kampuni za simu za mkononi hukutwa mara kwa mara usemi kwamba mtandao "umeenea" kwa asilimia kadhaa. Mfasiri aghalabu huuhamisha usemi huo kama ulivyo, na msomaji huupokea bila kuuliza: asilimia ya nini? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba usemi huo mmoja umebeba maana mbili, na kwamba kila moja yastahili istilahi yake.

Maana ya kwanza ni sehemu ya watu wanaoishi mahali ambapo mawimbi ya minara hufika. Hiyo twaiita ueneaji kwa watu. Ya pili ni sehemu ya nchi yenyewe inayofikiwa. Hiyo twaiita ueneaji kwa eneo. Tofauti yake si ndogo. Katika sensa ya mwaka 2022, Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 61.7, na kati yao milioni 5.4 walikuwa katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kampuni ambayo ingeweka minara katika mkoa huo peke yake ingeweza kudai kuwa imewafikia karibu asilimia 9 ya wananchi, ilhali mkoa wenyewe haufikii asilimia 0.2 ya eneo la nchi. Mkoa wa Lindi, kinyume chake, una takriban asilimia 7 ya eneo, lakini watu wake hawakufikia asilimia 2.

Hata mawimbi yanapofika, maana haijakamilika. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 900, huenda mbali kuliko yale ya megahezi 1800. Kwa hiyo hufaa vijijini. (Masafa hapa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, wala si umbali.) Mijini, shida mara nyingi ni msongamano: alama ya mtandao huonekana katika simu, lakini mnara umeelemewa na mazungumzo hayapiti. Basi "mtandao upo" na "mtandao unashika" si kauli moja. Wasemaji wa kawaida huzitofautisha. Nasi hatuna budi kuzitofautisha katika maandishi.

Jambo hili lawahusu hasa watumishi wa serikali. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, hugharimia huduma mahali ambapo biashara haivutii. Taarifa ikiandika kwamba kata "imefikiwa" kwa kuwa mawimbi yanapatikana katika makao yake makuu, vijiji vya pembezoni huweza kuachwa katika hesabu ya wahitaji.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila itajwapo asilimia ya ueneaji, mwandishi aeleze mambo matatu: ni ya watu au ya eneo, ni ya mazungumzo tu au na intaneti pia, na imepimwa nje au ndani ya nyumba. Pasipo maelezo hayo, mfasiri amwulize mwenye taarifa kabla ya kutafsiri.