Ganda la Kitunguu

Je, wajua kwamba ganda jekundu la kitunguu maji, lile unalolitupa kabla hujawasha jiko, ni dawa ya kuvu?

Miaka ya 1920 huko Wisconsin, Marekani, wataalamu walikuwa wakiichunguza kuvu iitwayo Colletotrichum circinans. Hulitia ganda madoa meusi kama masizi ya sufuria, kisha hupenya ndani. Ajabu yake ni kwamba iliviandama vitunguu vyeupe, huku vyekundu na vya manjano vikisalimika. Lakini ukivibambua maganda makavu hivyo vyekundu, navyo vinaugua.

Basi kinga ilikuwa gandani. John Charles Walker, bingwa wa maradhi ya mimea, alishirikiana na mkemia Karl Paul Link kuitafuta. Mwaka 1929 wakatoa asidi ya protokatechuiki kwenye maganda ya rangi, na mwaka 1933 wakatoa katekoli. Huyu Link ndiye ambaye baadaye maabara yake ilitupa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kutokana na utafiti wa majani makavu ya kulisha ng'ombe yaliyooza.

Mimi hunishangaza zaidi namna dawa hii inavyofanya kazi. Tumezoea kudhani mmea hujilinda ukiwa hai, ukimsikia adui na kumjibu. Ganda la kitunguu limekwisha kufa. Halisikii lolote. Ila kijimbegu cha kuvu hakichipui bila maji, na tone la mvua au unyevu wa udongo likiligusa ganda, kemikali zile huyeyuka humo. Kijimbegu kinayapata maji kiliyokuwa kikiyangoja, yakiwa yameshatiwa sumu.

Rangi yenyewe siyo inayoua. Wekundu unatuonyesha tu kwamba dawa imo. Kitunguu cheupe hakina rangi wala akiba hiyo ya kutosha.

Wala dawa hii haifukuzi kila kuvu. Ukimenya kitunguu chekundu cha Mang'ola ukakuta chini ya ganda unga mweusi kama wa makaa, hiyo ni Aspergillus niger, nayo humea kwenye ganda hilohilo bila shida. Inapenda joto na unyevunyevu. Kwa hiyo mkulima hukausha vitunguu vyake kivulini, penye upepo, mpaka shingo zisinyae kabisa, ndipo avitie kwenye magunia ya wavu, maganda yake yakiwa hayajachubuka.