Mgonjwa wa Kiharusi Amerudi Nyumbani: Je, Tiba Imekwisha?

Jambo hili twaliona mara nyingi katika familia zetu. Baba amepatwa na kiharusi, amelazwa, kisha daktari amemruhusu kurudi nyumbani. Tunamlaza kitandani, tunamlisha, tunamwogesha na kumvalisha. Hata kikombe hatumwachi anyanyue mwenyewe. Yote hayo twayafanya kwa upendo. Lakini baada ya miezi michache mkono umekakamaa, naye amekata tamaa.

Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu fulani ya ubongo, au mshipa wa damu unapopasuka humo. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Hata hivyo, sehemu zilizo nzima zaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, nazo hujifunza kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi. Hiyo ndiyo maana ya mazoezi ya viungo, yaani fiziotherapia. Nafuu kubwa hupatikana hasa katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, ingawa hata baadaye mgonjwa aweza kuendelea vizuri. Basi, miezi ile tunayomwambia "pumzika tu" ndiyo yenye thamani zaidi.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kutoka hospitali, tuombe mtaalamu wa fiziotherapia atufundishe mazoezi ya nyumbani.

2. Asiyeweza kujigeuza tumgeuze kila baada ya saa 2, asije akapata vidonda vya kulala.

3. Tusimvute kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega laweza kuteguka.

4. Ale akiwa amekaa wima, kidogo kidogo. Akipaliwa mara kwa mara tumrudishe hospitali, kwani chakula chaweza kuingia mapafuni.

5. Akianza kutembea kwa mkongojo, aushike kwa mkono wenye nguvu.

6. Analoweza kulifanya, alifanye mwenyewe. Kama kufunga vifungo vya shati kunamchukua robo saa, tumngojee.

7. Dawa alizoandikiwa, hasa za shinikizo la damu, asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri. Kiharusi chaweza kurudi.

Tena, ugonjwa huu haumpati mtu mmoja. Aliyekuwa akilisha nyumba sasa analishwa. Akiba inakwisha, na pengine binti anaachishwa shule ili amtunze babu yake. Hapa ndipo tunapomhitaji afisa ustawi wa jamii, ambaye hupatikana katika hospitali nyingi na katika halmashauri. Yeye husikiliza shida za familia, hueleza taratibu za msamaha kwa wasioweza kulipia matibabu, na husaidia ndugu kugawana kazi ya uuguzi. Kumwendea si aibu.

Tusisahau moyo wa mgonjwa. Wengi hupatwa na huzuni nzito baada ya kiharusi. Wengine hulia ghafla bila sababu. Huo si utoto wala ukaidi, ni sehemu ya ugonjwa, na daktari aelezwe. Asiyeweza kusema vizuri mara nyingi bado anaelewa. Tuzungumze naye, wala tusimzungumzie kana kwamba hayupo.

Nasi wanajumuiya tunapokwenda kumtazama mgonjwa, tusiishie kumpa pole. Tumshikie mama zamu ya saa moja apate kupumzika, na tumsindikize mgonjwa hatua chache hadi mlangoni. Kesho huenda akafika uani.